Mtoto kamaliza la saba, yuko nyumbani mpaka Januari. Apangiwe nini cha maana?

MamaWawili_Moro

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri wa vitendo, si wa "mpe mtoto upendo" (huo anao).

Binti ana miaka 13, kamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi huu wa Septemba, shule ya msingi ya serikali, masomo yote kwa Kiswahili. Mpaka Form One Januari ni zaidi ya miezi mitatu. Mdogo wake yuko la tatu, bado anasoma mpaka shule zifunge Desemba. Mchana nyumbani anabaki bibi yao, ana kigenge cha nyanya na vitunguu hapo mlangoni. Mimi natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 1 usiku. Simu janja ni moja na naondoka nayo, inabaki ya kitochi. Uwanja ni hatua kama sita kwa nne, maji ya bomba yanakuja mara tatu kwa wiki. Kuna baiskeli ya marehemu babu yao ambayo kila siku ina pancha. Bajeti haizidi 30,000 kwa mwezi.

Maswali:
1. Tuition ya pre-form one ya kila siku ni lazima, au anaweza kusoma mwenyewe?
2. Kiingereza chake cha kubahatisha, na mimi mwenyewe nababaisha. Nitamkaguaje?
3. Kazi gani ya mikono ataifanya bila mtu wa kumsimamia?

Ratiba ninazotumiwa kwenye magrupu zinaanza alfajiri zinaisha saa 2 usiku, kila nusu saa somo jipya. Nani wa kuisimamia? Nawasilisha.

---

Mwalimu_Chaki

Dada, kwanza mwache apumzike wiki mbili. Watoto wa la saba wametoka kwenye makambi na mitihani ya majaribio isiyoisha. Ukimkalisha mezani sasa hivi utapata mtu anayeshika kalamu tu. Anza mwanzoni mwa Oktoba.

Ratiba za magrupu zina kasoro moja kubwa: zinahitaji mtu wa kusimama pale, na wewe haupo. Kwa hiyo mpe kazi zinazobakiza kitu cha kushika usiku. "Soma Kiingereza saa mbili" huwezi kuikagua. "Andika sentensi nane" unaikagua huku unasubiri chai ichemke. Kipimo kiwe hicho kwa kila utakachompa: kama haikaguliki kwa dakika kumi na mtu aliyechoka, iache.

Kiingereza. Form One atakutana nacho karibu kila somo, ukiondoa Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili. Shule huwa na kozi ya kuwavusha wiki za mwanzo, lakini ni fupi. Kinachowaangusha wengi ni kutoelewa swali linataka nini. Jibu analo kichwani kwa Kiswahili, anaona *differentiate*, anaacha wazi. Kwa hiyo wiki ya kwanza asiguse maneno ya masomo kabisa. Ajifunze maneno ya maagizo: define, state, mention, list, explain, describe, differentiate, give reasons, calculate, draw, label. Kila moja aandike anachotakiwa KUFANYA. *State* ni kutaja kwa kifupi bila maelezo. *Explain* ni kueleza pamoja na sababu. *Differentiate* ni kuweka vitu viwili ubavu kwa ubavu, hoja kwa hoja. Ukieleza kimoja kirefu ukasahau cha pili umekosa swali zima.

Baada ya hapo azima kitabu cha Biology na cha Geography kwa mtoto wa jirani aliyevuka Form One. Tahadhari: mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu mwaka 2024, na vitabu vya mtaala wa zamani vimejaa kwa wauza mtumba kwa bei tamu. Kwa kujifunzia msamiati vinafaa, ila usivinunue ukidhani ndivyo atakavyotumia shuleni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada unavisoma bure. Usiku ukirudi na simu mnafungua ukurasa mmoja, ananakili aya moja kwa mkono, kesho yake ndiyo anayoifanyia kazi.

Utaratibu wenyewe: kauntabuku moja, ukurasa una safu tatu. Neno, maana kwa Kiswahili, sentensi aliyoitunga mwenyewe. Maneno 8 kwa siku, yasizidi. Siku ya tatu anarudia ya siku ya kwanza, siku ya saba anayarudia tena. Usiku wewe unafunika safu ya Kiingereza kwa karatasi, unamsomea Kiswahili, yeye anaandika Kiingereza pembeni. Kisha unafunua, mnalinganisha herufi kwa herufi. Hapo hata kama Kiingereza hujui, majibu yako chini ya karatasi. Akikosa zaidi ya matatu kati ya manane, kesho hakuna mapya, anarudia hayo hayo.

Sasa linapoharibika. Mtoto huchukua maana ya kwanza ya kamusi. *Matter* ataandika "jambo" wakati kitabu cha sayansi kinasema maada. *Table* ataandika "meza" wakati swali linamwambia asome jedwali. *Power* kwenye hesabu ni kipeo, yeye ataandika "nguvu". Dawa yake: anakili sentensi ya kitabu kwanza, ndipo afungue kamusi na kuchagua maana inayokaa kwenye sentensi hiyo. Ukiona maana haiingii, weka alama ya kuuliza, atamuuliza mwalimu au huyo wa Form Two Jumamosi.

Matamshi mpe dakika kumi za simu usiku, asikilize maneno yale yale manane kwenye kamusi yenye sauti. Inatosha.

Hisabati, nusu saa kwa siku, mada tatu tu: sehemu, namba hasi, na mpangilio wa matendo. Mpe leo leo jaribio hili: 10 − 4 + 3. Akikuletea 3, basi ameikariri MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kama foleni, kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Si hivyo. Jumlisha na toa zina cheo kimoja, unaanza kushoto kwenda kulia, jibu ni 9. Gawanya na zidisha vilevile. Namba hasi mpe −3 − 5. Wakisikia "hasi mbili zinakuwa chanya" wanaandika 8. Achore mstari wa namba ardhini kwa kijiti, asimame kwenye −3, arudi nyuma hatua tano, ajionee −8. Kanuni ya hasi mbili kuwa chanya ni ya kuzidisha na kugawanya, na ya kutoa namba iliyo hasi yenyewe. KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) atazikuta Form One kwa majina ya LCM na GCF, azizoee mapema.

Tuition: si lazima. Kama utalipia, ulizia kwanza darasa lina watoto wangapi na madaftari yanasahihishwa na nani. Chumba cha watoto sitini wanaonakili ubaoni hakimpi chochote ambacho kauntabuku haitampa. Ukipata mwalimu wa Kiingereza peke yake, siku mbili kwa wiki, watoto wasiozidi kumi, hapo lipa.

---

Gunia_la_Mboga

Naongezea swali la tatu. Uwanja huo unatosha, na hesabu ya muda inakaa vizuri: akiotesha mwanzoni mwa Oktoba, mchicha unaliwa kabla Oktoba haijaisha.

Tuta moja la mita 1 kwa 2 la mchicha, na viroba viwili vya kilo 50 vya sukuma wiki au chainizi. Visizidi, maji yenu ni ya mgao.

*Tuta.* Alime kina cha jembe, achanganye samadi iliyooza, ndoo ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Iliyooza ni ile isiyonuka na isiyotoa joto ukiingiza mkono. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi, na hili ndilo linaloua bustani nyingi za watoto. Mbegu za mchicha ni ndogo mno: kijiko kimoja cha chai achanganye na vikombe viwili vya mchanga mkavu, ndipo anyunyize kwenye mistari yenye nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Afukie nusu sentimita tu. Akifukia kama mahindi hazitoki. Juu atandaze nyasi kavu, aziondoe mara miche inapochomoza, kwa kawaida siku ya tatu mpaka ya tano. Wiki ya pili apunguze iliyobanana (hiyo anayong'oa ni mboga tayari).

*Kiroba.* Asimamishe kwenye udongo au juu ya matofali, siyo kwenye sakafu ya saruji, maji yatatuama chini. Mchanganyiko ni madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi. Katikati asimamishe kopo kubwa lililokatwa juu na chini, alijaze kokoto, ajaze udongo pembeni, alivute kopo juu, ajaze tena, mpaka kiroba kijae na katikati kuwe na nguzo ya kokoto. Hiyo ndiyo njia ya maji. Ukiiruka, miche ya juu itastawi na ya chini itakauka, kisha mtu atalaumu mbegu.

Akimaliza asipande siku hiyo. Amwagilie siku tatu udongo ushuke kwanza, aongeze juu. Ukikata matundu siku ile ile, udongo unashuka na kukata mizizi. Matundu ni mikato ya sentimita 4 au 5 kwa kisu, nafasi ya sentimita 20, mistari ipishane. Kiroba cha kilo 50 kinabeba miche kama 25 ukijumlisha ya juu. Maji lita 5 asubuhi na lita 5 jioni wakati wa jua kali, yote yamiminwe kwenye kokoto na juu, taratibu. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Ya kufulia hapana.

Miche ikianguka ikiwa imenyong'onyea shingoni, hicho ni kinyausi: maji mengi, miche imebanana, kivuli. Apunguze maji, apunguze miche. Vidukari chini ya majani ya sukuma: maji lita moja na sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai, apulize jioni chini ya jani, asubuhi asuuze. Na kuku wa jirani wawekee wavu au miiba tangu siku ya kwanza, usisubiri.

Kukagua usiku ni rahisi: achore tuta kwenye daftari, kila siku ya tatu apime urefu wa miche mitano ile ile kwa rula na kuandika. Biology tayari hiyo.

---

Daftari_la_Genge

Hapo kwenye kigenge cha bibi kuna somo ambalo watu hulipia. Asikae kuuza kutwa; afunge hesabu tu, dakika 20 jioni.

Safu tano: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, salio. Mfano: sado ya nyanya imenunuliwa 6,000, bibi kapanga mafungu 16 ya 500. Yakiisha yote ni 8,000, faida 2,000. Mafungu mawili yakioza anapata 7,000, faida imebaki 1,000, yaani nusu ya faida imekwenda na mafungu mawili. Mwache binti agundue mwenyewe kwa nini bibi anashusha bei jioni.

Penye kosa la kila genge ni nyanya zinazoingia jikoni. Bibi anachukua fungu anapika, haliandikwi, mwisho wa wiki pesa "imepotea". Liandikwe kwa bei ya kununulia, 6,000 gawanya kwa 16, ni 375. Na pesa za genge zikae kwenye kopo lake, zisichanganywe na za matumizi. Kila jioni ahesabu zilizomo na kulinganisha na salio. Zikipishana, ANDIKA tofauti, usirekebishe namba ili zilingane. Hili la mwisho watoto hulifanya sana kwa kuogopa kugombezwa, na watu wazima pia.

---

Fundi_Spoku

Pancha kila siku maana yake mwiba bado umo kwenye tairi. Wanaziba tyubu na kurudisha kwenye mwiba ule ule.

Vifaa: viraka, gundi, kipande cha msasa, pampu, beseni la maji, na vishikio viwili vya vijiko vya bati vya kutolea tairi (asitumie bisibisi, inatoboa). Atoe tyubu, aijaze upepo, aizamishe kipande kipande, penye mapovu aweke alama kwa kalamu. Aikaushe KABISA. Asugue kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka. Apake gundi nyembamba, asubiri dakika tano mpaka iwe haing'ai na hainati sana kidoleni. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanabandika gundi ikiwa bichi, kesho kiraka kimejivua. Abandike, akandamize kwa kitako cha chupa.

Kabla ya kurudisha apitishe kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba, autoe kwa koleo. Aangalie na ringi: ukanda unaofunika vichwa vya spoku ukiwa umechanika, spoku zenyewe ndizo zinazotoboa, na matundu utayaona upande wa ndani wa tyubu. Akate kipande cha tyubu kuukuu akizungushie kwenye ringi.

---

Dada_Ustawi

Mawili tu.

TV: usigombane na masaa, gombana na mpangilio. Rimoti inakaa kwa bibi, inatoka baada ya kauntabuku kuonekana imejazwa. Bibi hahitaji kusoma kilichoandikwa, anaangalia ukurasa umejaa au haujajaa.

La pili, na nalisema kwa sababu ndio msimu wake: kipindi hiki ndipo simu za "mlete binti mjini akasaidie kidogo kwa shangazi" zinapoanza. Akasaidie kidogo inageuka kulea watoto wa watu kutwa, na Januari ikifika mwenyeji anasema "subiri nipate mwingine". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini hata kwa kazi nyepesi za kuajiriwa. Binti yako ana 13. Akienda kutembea, aende na tarehe ya kurudi na nauli ya kurudi mkononi mwako.

---

MamaWawili_Moro

Nimempa 10 − 4 + 3. Kaleta 3, kwa kujiamini kabisa 😂

Asanteni sana. Mwalimu, mawili ya mwisho: kwa siku jumla iwe masaa mangapi? Na mdogo wake akifunga shule Desemba, anasoma kwa kukwamakwama. Dada yake anaweza kumfundisha?

---

Mwalimu_Chaki

Meza isizidi saa tatu kwa siku, asubuhi kukiwa na ubaridi: saa 3 mpaka saa 5 Kiingereza na kunakili, nusu saa hesabu, nusu saa kitabu cha hadithi cha Kiswahili cha kuchagua mwenyewe. Maktaba ya mkoa ipo hapo hapo Moro, ulizia utaratibu wa kuazima kwa watoto. Bustani ni saa 1 asubuhi na saa 11 jioni. Zinazobaki ni zake. Jumamosi na Jumapili hakuna kauntabuku.

Huyo wa la tatu, ndiyo, anafaa kabisa, na dakika 15 zinatosha. Dada achague aya ya maneno kama 60 kwenye kitabu cha la pili (siyo cha la tatu). Mdogo aisome mara tatu, dada akitazama saa ya kitochi na kuandika sekunde za kila mara. Mara ya tatu karibu kila mtoto anatumia sekunde chache zaidi, na akiziona zimeshuka anataka tena. Sharti moja: dada asimkatize kwenye kila kosa. Apige mstari chini ya neno kwa penseli, aya ikiisha warudi kwenye yale yenye mistari, ayasome silabi kwa silabi, *m-cha-nga-nyi-ko*. Akikwama kwenye silabi zile zile, mara nyingi ni *ng'*, *nyw*, *mbw* au *dh*, ziandikwe kwenye vipande vya boksi na zifanyiwe zoezi peke yake siku mbili. Mwishoni mdogo asimulie alichosoma bila kuangalia kitabu. Anayesoma haraka na kushindwa kusimulia bado anatamka herufi tu, mrudishe aya fupi zaidi.

Mengine ya tarehe: matokeo hutoka kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Desemba, kisha TAMISEMI hutangaza shule alizopangiwa, kwa kawaida Desemba. Fomu ya kujiunga ikitoka kutakuwa na sare, vipimo vya afya, picha na kukimbizana. Kuanzia hapo simamisha maneno mapya, arudie yaliyomo kwenye kauntabuku tu. Na 10,000 moja kwenye ile bajeti usiiguse tangu Oktoba, itaishia kwenye fotokopi na nauli.